Vidonda vya mdomo visivyosikia dawa: kisa cha seli zilizoachana

Usuli

Mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, muuza chakula katika mji wa pwani ya Tanzania, alifika kliniki ya ngozi na barua ya rufaa yenye maneno machache: "fangasi sugu ya mdomo, malengelenge mwilini." Aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Yote yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa.

Nimekichagua kwa sababu ugonjwa wake unaonyesha, kuliko mchoro wowote wa kitabuni, jinsi seli zinavyoshikana hadi zikawa tishu. Seli za mama huyu hazikuwa na saratani, hazikuliwa na kirusi, na zilipotoka mwilini hazikuwa zimeungua wala kuoza. Zilikuwa zimeachiana tu, na hilo peke yake lilitosha kumfikisha karibu na kifo.

Miezi kabla ya kliniki

Kwa hesabu yake, mambo yalianza mdomoni miezi saba hivi nyuma. Kwanza aliungua akila chochote chenye pilipili au ndimu, kisha ndani ya mashavu na kwenye fizi pakachubuka. Hakuwahi kuona lengelenge mdomoni. Aliona vidonda tu.

Duka la dawa walimpa maji ya kusukutua. Zahanati ikampa dawa za fangasi, nistatini kwanza, halafu flukonazo. Kituo kingine kikamwandikia asaikloviri, dawa ya virusi. Kipimo cha VVU kilirudiwa tena na tena, na kila kilipotoka hasi alitazamwa kana kwamba kipimo ndicho chenye makosa. Hospitali moja ilikata kinyama kutoka katikati ya kidonda kilichokuwa kimekaa wiki kadhaa. Majibu yalisema ni kidonda, hakuna saratani. Yalikuwa kweli, lakini hayakumsaidia.

Wakati huo alishaacha ugali na kuishi kwa uji uliopoa na maziwa. Nguo zikawa zinamvuka. Katika mwezi wa sita wa ugonjwa malengelenge yakatokea kifuani, mgongoni na kichwani, malegevu, yanayopasuka kabla ya siku kuisha na kuacha ngozi mbichi inayovuja maji. Majirani wakasema ni mkanda wa jeshi. Lakini mkanda wa jeshi kwa kawaida hukaa upande mmoja wa mwili na hauvuki mstari wa kati, na haya yalikuwa pande zote mbili.

Siku ya kwanza

Daktari mwanafunzi alimwamkia: "Shikamoo mama." Akajibu: "Marahaba mwanangu, lakini usinivute mkono. Ukinivuta, ngozi inabaki kwako."

Alikuwa ameshagundua mwenyewe dalili iliyoelezwa na daktari Mrusi Pyotr Nikolsky mwaka 1896: ngozi inayoonekana nzima, ikisukumwa kwa kidole kando ya kidonda, inateleza na kuchubuka. Dalili hii ni ya maana lakini haitoshi. Hujitokeza pia kwa mtu aliyedhurika vibaya na dawa kama kotrimoksazo au nevirapini, ambako seli za ngozi zinakufa kwa makundi. Kwa hiyo tulibaki na swali: seli za mama huyu zimekufa, au ziko hai ila zimeachana?

Jibu la mwanzo lilipatikana siku ileile, kwa vifaa ambavyo maabara yoyote inayopima malaria inavyo. Lengelenge bichi lilifunguliwa, sakafu yake ikakwanguliwa polepole kwa kiwembe cha upasuaji, ukwanguaji ukapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Kipimo hiki kilielezwa na Arnault Tzanck mwaka 1947. Chini ya hadubini zilionekana seli za ngozi zilizotawanyika mojamoja, zimevimba na kuwa duara, kiini kikubwa katikati.

Huo uduara ndio ushahidi wenyewe. Seli ya ngozi iliyo mahali pake ina pembe nyingi, kwa sababu jirani zake wanaivuta kila upande. Ikikosa wa kuivuta, inajikunja kuwa tufe. Hazikuwa maiti za seli kama za mtu aliyedhurika na dawa, na hapakuwa na zile seli kubwa zenye viini vingi zinazoletwa na virusi vya malengelenge ya mdomo au vya mkanda wa jeshi.

Kisha kikakatwa kinyama kipya, safari hii kwenye ukingo wa lengelenge lililotokea usiku uliotangulia, nusu ndani ya lengelenge na nusu kwenye ngozi nzima.

Seli hushikanaje, na kipi kilikatika hapa

Seli za ngozi na za utando wa mdomo zina viungo vya aina kadhaa, na kila kiungo kina kazi yake.

Kuna viungo vya kuziba, vilivyojengwa kwa protini ziitwazo klaudini na okludini, ambavyo huzuia maji na chumvi visipenye kati ya seli na seli. Kwenye utumbo na mirija ya figo ndivyo vinavyoamua nini kipite. Kuna viungo vya mawasiliano: koneksini sita hujipanga kuwa nusu ya bomba, seli jirani inatoa nusu nyingine, na humo hupita ayoni na molekuli ndogo. Misuli ya moyo hupiga kwa pamoja kwa sababu ya mabomba hayo. Kuna pia viungo ambamo protini ya E-kadherini ya seli moja hushika E-kadherini ya jirani, huku upande wa ndani ikifungwa kwenye nyuzi za aktini. Kadherini zilitambuliwa na kundi la Masatoshi Takeichi huko Kyoto, na kama jina linavyodokeza, hazishiki bila kalsiamu. Ndiyo maana watafiti wakitaka kutenganisha seli za tishu huondoa kalsiamu kwenye maji zilimo.

Kiungo cha kisa hiki ni desmosomu. Giulio Bizzozero, Mwitaliano, aliviona vidoa hivi kati ya seli za ngozi tangu miaka ya 1860 kwa hadubini ya wakati wake. Kila kidoa ni kituo cha kushikia. Nje ya seli kuna protini mbili za ukoo wa kadherini, desmogleini na desmokolini, zinazokutana na wenzao wa seli ya pili. Ndani kuna plakoglobini, plakofilini na desmoplakini, zinazoufunga mshiko huo kwenye nyuzi ngumu za keratini zilizotanda seli nzima. Mvuto unaoipata seli moja unagawanywa kwa jirani zake zote. Kwa sababu hiyo desmosomu zimejaa pale panaposuguliwa na kuvutwa sana: ngozi, mdomo, koo, na misuli ya moyo.

Mkeka hushonwa kwa shupatu refu linalozungushwa, ukingo kwa ukingo. Kata nyuzi za mshono, na ukindu utabaki imara vilevile, lakini mkeka huna tena. Kwa mama huyu mshono ulikuwa unakatwa na kinga yake mwenyewe. Mwili wake ulitengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya desmogleini. Ugonjwa huo unaitwa pemfigasi, na aina yake ni vulgarisi.

Kwamba damu ya wagonjwa hawa ina kingamwili zinazong'ang'ania nafasi kati ya seli za ngozi, walionyesha Ernst Beutner na Robert Jordon mwaka 1964. Kwamba shabaha yenyewe ni kadherini ya desmosomu, lilithibitishwa mwaka 1991 na Masayuki Amagai na wenzake. Kingamwili hizi haziui seli. Zinaziba sehemu ya kushikana, na zinaifanya seli ivute desmogleini zake ndani na kuacha desmosomu zikiwa dhaifu.

Mbona ulianza mdomoni? Hili ndilo swali ninalopenda kuwauliza wanafunzi, maana atakayelijibu ameelewa ugonjwa mzima. Ngozi ina desmogleini namba 1 na namba 3. Namba 1 ni nyingi kwenye safu za juu, namba 3 iko zaidi kwenye safu za chini. Utando wa mdomo hutegemea namba 3 karibu peke yake, tangu chini hadi juu. Kingamwili za kwanza kabisa huwa dhidi ya namba 3. Ngozini, namba 1 inabeba mzigo na hakuna kinachoonekana. Mdomoni hakuna wa kubeba, seli zinaachana. Wagonjwa wengi hukaa miezi kadhaa na vidonda vya mdomo tu. Kinga ikianza kutengeneza pia kingamwili dhidi ya namba 1, ngozi nayo inafunguka. Hadithi ya mama huyu ilifuata mpangilio huo hatua kwa hatua, na ingeweza kusomwa hivyo kabla hata ya kukata kinyama.

Na lengelenge la mdomoni halionekani kwa kuwa paa lake ni jembamba na limelowa. Mlo mmoja tu, au ulimi wenyewe, unatosha kuliondoa.

Maamuzi na sababu zake

Majibu ya kinyama cha pili yalirudi baada ya siku kumi hivi. Ufa ulikuwa juu tu ya safu ya chini kabisa ya seli. Safu hiyo ilibaki imesimama wima kwenye utando wa msingi, seli zake zikiwa zimeachana ubavu kwa ubavu. Wapatholojia huita picha hiyo safu ya mawe ya makaburi. Seli hizo zilibaki wima kwa sababu mguu wa seli hutumia kiungo kingine kabisa, hemidesmosomu, chenye integrini badala ya desmogleini. Kingamwili za pemfigasi haziigusi.

Kipimo cha kung'arisha kingamwili ndani ya ngozi hakikupatikana karibu. Kinahitaji kinyama kingine kutoka kwenye ngozi nzima iliyo kando ya lengelenge, kisichotiwa formalini, na maabara yenye hadubini maalum. Kusubiri hadi kipatikane, au kuanza tiba? Tuliamua kuanza. Mpangilio wa dalili, seli duara na mahali pa ufa vilisema jambo moja, na mama alikuwa anapoteza maji na protini kupitia ngozi kila siku. Kabla steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, hazijaanza kutumika miaka ya 1950, wagonjwa wengi wa pemfigasi walikufa ndani ya miaka michache, mara nyingi kwa vijidudu kuingia kwenye damu kupitia ngozi iliyo wazi.

Hata hivyo, steroidi kwa kipimo kikubwa haianzwi kwa pupa katika nchi zetu. Alipigwa picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, akapimwa sukari, presha na homa ya ini aina ya B, na akapewa dawa ya minyoo mapema. Kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidesi anayeweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Kinga ikishushwa kwa steroidi, huzaliana na kusambaa mwilini, na anaweza kuua.

Alianzishiwa steroidi iitwayo prednisoloni, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Picha ya damu iliporudi nzuri, ikaongezwa azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, ili baadaye steroidi ipunguzwe bila ugonjwa kurudi.

Wodini, kazi kubwa ilikuwa ya wauguzi, na inastahili kuelezwa. Walipiga marufuku plasta. Plasta ikibandikwa kwenye ngozi ya namna hii, ikibanduliwa inaondoka na ngozi, kwa hiyo sindano ya mshipani ilifungwa kwa bandeji laini. Kipima presha kilizungushwa juu ya kitambaa. Shuka zilitandikwa majani ya mgomba yaliyosafishwa kwa mvuke, mbinu inayotumika pia katika hospitali za India: jani halishiki kidonda, linapoza, na mgonjwa anageuka bila kuacha ngozi kitandani. Aligeuzwa kwa kunyanyuliwa, si kwa kuvutwa.

Bintiye aliuliza mambo mawili. Ugonjwa unaambukiza? Hapana, si kwa kugusana, si kwa kula chombo kimoja. Ni wa ukoo? Si kwa maana ya kurithiwa moja kwa moja. Yako magonjwa ya kurithi ya viungo hivihivi. Lile la kisiwa cha Naxos, Ugiriki, hutokana na hitilafu katika jeni ya plakoglobini: mtoto huwa na nywele kama sufi, viganja na nyayo ngumu, na baadaye moyo unaopoteza mapigo yake, kwa kuwa moyo nao unategemea desmosomu. Kwa mama huyu desmosomu zilizaliwa nzima. Zilianza kushambuliwa ukubwani.

Matokeo

Wiki ya tatu malengelenge mapya yalikoma. Ngozi ilifunga ikaacha madoa meusi bila makovu, na hiyo ilitokana na mahali pa ufa. Safu ya chini, inayozaa seli mpya, haikuwahi kung'oka. Mdomo ulichelewa. Ulifunga baada ya miezi kadhaa, kama ilivyo kawaida. Sukari ilipanda kwa sababu ya steroidi, ikatibiwa kwa metformini.

Miezi michache baadaye alikwenda kijijini kwenye msiba, akakaa zaidi ya alivyopanga, na vidonge vikaisha. Zahanati ya huko haikumpa mwendelezo kwa kuwa hakuwa na maandishi yoyote yanayoeleza anatumia nini na kwa nini. Kwanza alipata kizunguzungu na kutapika, maana tezi za juu ya figo zilikuwa zimezoea kufanyiwa kazi na prednisoloni na haziwezi kuamka kwa siku moja. Kisha mdomo ukachubuka tena. Ngozi haikuguswa. Alirudishiwa dozi, na mdomo ukatulia. Sasa yuko kwenye kipimo kidogo cha prednisoloni pamoja na azathioprini, na ameanza tena biashara.

Rituksimabu, dawa inayoondoa seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, ilizungumzwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ikianzwa mapema hupunguza sana hitaji la steroidi, na Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2018. Bei yake ndiyo iliyofunga mazungumzo.

Uchambuzi: kilichofaa

Kipimo cha kiwembe na Giemsa kilibadilisha mwelekeo mzima wa kisa ndani ya saa chache. Hakithibitishi pemfigasi peke yake, lakini kinatenganisha seli zilizokufa, seli zenye virusi na seli zilizoachana, na kila kundi lina njia yake ya tiba. Sioni sababu ya hospitali ya wilaya yenye hadubini kutokifanya.

Kukata kinyama kwenye ukingo wa lengelenge jipya kulitoa jibu ambalo kinyama cha kwanza kisingeweza kutoa hata kingesomwa na mpatholojia bora duniani. Katikati ya kidonda cha zamani seli za juu hazipo tena. Ukitaka kujua seli zimeachana wapi, lazima ukate pale ambapo bado zinaachana.

Swali la "wapi" linabeba zaidi ya kisa hiki. Ufa ukiwa chini ya safu ya msingi, penye hemidesmosomu, malengelenge huwa magumu yaliyojaa, mgonjwa mara nyingi ni mzee, na mdomo huwa salama kwa wengi: hiyo ni pemfigoidi. Ufa ukiwa juu kabisa, penye desmogleini 1 peke yake, ngozi hubanduka kama magamba na mdomo hauguswi: pemfigasi ya juu, ambayo katika baadhi ya maeneo ya mashambani ya Brazili huwapata watu wengi wa sehemu moja. Mtoto mdogo anayebabuka mwili kama aliyemwagiwa maji ya moto, huku mdomo ukiwa mzima, huenda ana bakteria wa stafilokoki wanaotoa sumu inayokata desmogleini 1, ileile. Hilo lilionyeshwa mwaka 2000. Kirusi, bakteria, kinga na jeni wote wanaweza kufika kwenye mlango mmoja, na tiba zao hazifanani hata kidogo. Mtoto wa stafilokoki akipewa steroidi badala ya antibiotiki, tumemwangamiza.

Uchambuzi: kilichokwama

Neno "sugu" ndilo lililomchelewesha zaidi. Kila kituo kilipokea utambuzi wa kituo kilichotangulia na kubadili dawa bila kubadili swali. Fangasi ya mdomo huwa na utando mweupe unaokwanguka, na hupata nafuu kwa flukonazo. Mama huyu hakuwa na utando, wala nafuu. Kidonda cha mdomo kinachopita wiki tatu bila sababu inayoeleweka kinahitaji kinyama, na fomu ya maabara inapaswa kuandika wazi "je, ni pemfigasi?" ili msomaji ajue aangalie safu ipi.

VVU nayo ilitawala fikra kupita kiasi. Katika eneo letu ni haki kuipima mapema. Lakini kipimo kilichofanywa vizuri na kurudiwa kikitoka hasi, kinapaswa kuisogeza pembeni, si kumpa mgonjwa aibu ya ziada.

Kukwama kwingine kulikuwa kwa utaratibu wa kuruhusu wagonjwa. Dawa zilizomtunza, prednisoloni na metformini, si adimu. Kilichokosekana kijijini kilikuwa karatasi. Sasa mgonjwa wa namna hii anaondoka na barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na nakala ya Kiingereza: jina la ugonjwa, dozi ya leo, onyo kwamba prednisoloni haikatizwi ghafla, na namba ya simu ya kliniki. Pia anaelezwa kwamba mdomo ndio utakaomwambia kwanza ugonjwa ukirudi, na kwamba akihisi ndimu inaunguza kwa namna ya zamani asisubiri ngozi ndipo apige simu.